Kijana Mtunzaji na Hesabu ya Saa

Nchini Uingereza, kijana mtunzaji ni mtu wa umri wa miaka 16 hadi 25 ambaye, bila mshahara, anamhudumia mzazi, ndugu, mwenza au rafiki mwenye maradhi ya kudumu, ulemavu, tatizo la afya ya akili au uraibu. Anapika, anafua, anamwogesha mgonjwa, anampa dawa kwa saa zake, anajaza fomu na kusubiri kwenye simu ya hospitali. Katika familia za wahamiaji humtafsiria mzazi maneno ya daktari. Wapo pia ambao kazi yao haionekani kwa macho: hukesha kwa sababu mama ana sonona na haifai kumwacha peke yake usiku.

Umri huo ndio ambao watu wengi humaliza sekondari, huingia chuo, hupata ajira ya kwanza na kuanza kujitegemea kifedha. Kila hatua kati ya hizo hudai muda, na muda ndio kitu ambacho mtunzaji hana. Uingereza imejenga sheria na posho nyingi kuliko nchi nyingi kwa ajili ya watu wa aina hii, lakini nyingi kati ya hizo hupimwa kwa saa za wiki: saa 35 za kutunza, saa 21 za masomo, na mapato ya takriban saa 16 za kazi. Vipimo hivyo vinachukulia kwamba mtu ni mtunzaji, au mwanafunzi, au mfanyakazi. Kijana mtunzaji huwa vyote vitatu ndani ya siku moja, na ndiyo maana mara nyingi hujikuta nje ya mstari wa msaada ambao kwa jina ni wake.

Chanzo cha vipimo

Sensa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba England na Wales zina watu wapatao milioni 5, kuanzia umri wa miaka mitano, wanaotunza wengine bila malipo. Wengi wao ni watu wa makamo, na sera ziliundwa kwa kuwaangalia wao. Posho ya mtunzaji ya serikali, ambayo leo huitwa Carer's Allowance, ilianza mwaka 1976 kwa lengo la kumfidia mtu aliyelazimika kuacha ajira ili amhudumie jamaa yake. Wanawake walioolewa hawakuruhusiwa kuidai, kwa hoja kwamba mke angekuwa nyumbani hata hivyo. Ilibidi mwanamke mmoja, Jacqueline Drake, apeleke shauri hadi Mahakama ya Ulaya, na mwaka 1986 marufuku hiyo ikaondolewa.

Historia hiyo inaeleza mengi. Posho iliundwa kuziba pengo la mshahara uliopotea. Kijana wa miaka 17 hajapoteza mshahara, kwa kuwa hakuwahi kuwa nao. Anachopoteza ni elimu na miaka ya kuingia kwenye ajira, na hasara hiyo haikuwamo katika hesabu ya waliotunga sheria.

Kutambuliwa

Msaada wowote huanza kwa mtu kujulikana. Mwaka 2014 sheria mbili za England, moja ya watoto na familia na nyingine ya huduma kwa watu wazima, zilizipa halmashauri wajibu wa kufanya tathmini ya mahitaji ya mtunzaji, na zote zilianza kutumika Aprili 2015. Sheria ya pili inataka pia tathmini ya mpito kwa kijana anayekaribia miaka 18: je, anaweza kuendelea kutunza, anataka kuendelea, na masomo au kazi yake itaathirikaje? Wales ina sheria yake ya mwaka 2014, na Scotland ina ya mwaka 2016 iliyoanza kutumika Aprili 2018.

Tatizo ni kwamba wengi hawajulikani. Sensa ya shule za England ilianza kuuliza kuhusu wanafunzi watunzaji mwaka 2023 tu, na katika majibu ya mwanzo zaidi ya theluthi mbili ya shule zilisema hazina hata mmoja. Ni vigumu kuamini kwamba shule nyingi kiasi hicho hazina mwanafunzi mwenye mgonjwa nyumbani. Ukimya huo una sababu kadhaa. Kijana aliyeanza kumsaidia mama yake akiwa na miaka minane haoni kwamba anafanya jambo lenye jina, kwake ndiyo maisha ya nyumbani. Familia nyingine zinaogopa kwamba ofisi ya ustawi wa jamii ikijua, itawatenganisha. Penye uraibu au ugonjwa wa akili, aibu hufunga mdomo. Mwalimu naye huona uchelewaji, usingizi darasani na kazi zisizowasilishwa, akaandika utovu wa nidhamu.

Kutimiza miaka 18 huongeza ugumu. Miradi mingi ya watoto watunzaji, yenye safari, ushauri na jioni za kupumzika, huishia umri huo. Upande wa pili kuna huduma za watu wazima, ambako mikutano huhudhuriwa na watu wanaotunza wenza wenye ugonjwa wa kusahau au wazazi wazee sana. Kijana anaweza kutoka kwenye orodha moja bila kuingia kwenye nyingine, na tathmini ya mpito isipofanyika mapema hakuna anayegundua.

Elimu

Athari kwa masomo imepimwa. Utafiti wa University College London, UCL, uliochapishwa mwaka 2023, ulikuta kwamba vijana watunzaji wa Uingereza wana uwezekano mdogo kwa asilimia 38 wa kupata shahada kuliko wenzao wasiotunza. Kwa wanaotunza saa 35 au zaidi kwa wiki, uwezekano ulipungua kwa asilimia 86. Tofauti kati ya takwimu hizo mbili ina uzito wake. Inaonyesha kwamba kinachokwamisha zaidi ni wingi wa saa, na saa zinaweza kupunguzwa iwapo mgonjwa mwenyewe atapatiwa huduma ya kutosha kutoka kwingine.

Kwa umri wa miaka 16 hadi 19, England ina mfuko wa ruzuku unaotolewa kupitia shule na vyuo. Makundi machache, kama vijana waliolelewa na serikali, yanaweza kupata hadi pauni 1,200 kwa mwaka. Utunzaji peke yake haumwingizi mtu katika makundi hayo. Mtunzaji huomba sehemu ya mfuko inayogawiwa kwa uamuzi wa chuo, na hivyo kijana mmoja hupata nauli na chakula huku mwenzake wa mji wa jirani, mwenye hali ileile, akikosa.

Katika elimu ya juu hatua moja ndogo imeleta tofauti. UCAS, taasisi inayopokea maombi ya vyuo vikuu, iliongeza katika fomu ya wanaoingia mwaka 2023 swali la iwapo mwombaji ana jukumu la utunzaji. Alama hiyo humwezesha mdahili kuyasoma matokeo ya mtihani akijua mazingira yake, na humpa ofisa wa wanafunzi nafasi ya kuwasiliana na kijana kabla hajafika chuoni.

Akishafika, msaada wenye manufaa hauhitaji gharama kubwa. Ratiba ikitolewa wiki kadhaa mapema, kijana anaweza kupanga nani atakaa na mgonjwa. Mhadhara ukirekodiwa, siku ya kliniki haiwi siku ya kupoteza somo. Makubaliano ya maandishi yanayomruhusu kuongezewa muda wa kuwasilisha kazi humwepusha kusimulia ugonjwa wa baba yake upya kwa kila mhadhiri. Afisa mmoja anayejulikana kwa jina ni bora kuliko ofisi tano zinazotupiana faili. Pia kuna ruzuku kwa mwanafunzi wa shahada mwenye mtu mzima anayemtegemea kifedha, lakini kigezo hicho hakiwafai wengi: mzazi anayepokea posho zake za ulemavu huenda asihesabiwe kuwa tegemezi wa kifedha, hata kama bila mwanawe hawezi kutoka kitandani.

Kazi

Mtunzaji huchagua kazi kwa umbali kutoka nyumbani, na kwa urahisi wa kuondoka ghafla. Ndiyo maana vijana hawa hupatikana zaidi madukani, migahawani na kwenye mikataba isiyo na saa za uhakika, ambako ni rahisi kukataa zamu na ni rahisi vilevile kunyimwa zamu inayofuata.

Tangu tarehe 6 Aprili 2024, mfanyakazi wa England, Scotland na Wales ana haki ya likizo ya wiki moja ya kutunza katika kila miezi 12, kuanzia siku yake ya kwanza kazini. Anaweza kuichukua kwa siku au nusu siku, na mwajiri hapaswi kudai uthibitisho. Siku hiyohiyo ilianza pia haki ya kuomba mabadiliko ya saa au mahali pa kazi tangu siku ya kwanza ya ajira. Kwa kijana anayebadilisha kazi mara kwa mara, kutosubiri miezi ya majaribio ni faida ya kweli. Upungufu ni kwamba likizo hiyo haina malipo. Mfanyakazi wa makamo mwenye akiba huimudu. Kijana wa kima cha chini hulinganisha siku moja ya kliniki na bili ya umeme, kisha hupiga simu kusema yeye ndiye anaumwa.

Njia ya uanagenzi, inayounganisha kazi na mafunzo, ingewafaa wengi wao, kwa kuwa hulipa tangu mwanzo. Hapo ndipo hesabu za posho zinapoanza kugongana na nia njema. Kima cha chini cha mwanagenzi kilikuwa pauni 7.55 kwa saa katika mwaka wa fedha 2025/26. Mwanagenzi wa saa 30 kwa wiki aliingiza pauni 226.50, ilhali kikomo cha mapato cha anayepokea posho ya mtunzaji katika mwaka huo kilikuwa pauni 196. Akikosa makato yanayoruhusiwa, kama malipo ya mtu wa kumkaimu nyumbani, posho inakatika yote. Kijana anayeanza kujifunza ufundi kwa ujira wa chini kabisa kisheria hutendewa kama mtu ambaye hahitaji tena msaada.

Fedha

Katika mwaka 2025/26 posho ya mtunzaji ilikuwa pauni 83.30 kwa wiki. Anayeidai lazima awe na umri wa miaka 16 au zaidi, atunze kwa saa 35 au zaidi kwa wiki, na anayetunzwa awe anapokea posho fulani ya ulemavu. Kwa saa hizo 35, malipo ni pauni 2.38 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara kwa wenye miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21.

Kwa vijana, sharti zito zaidi ni la masomo: anayesoma saa 21 au zaidi kwa wiki hana haki ya posho. Saa hizo hujumuisha vipindi, masomo yanayosimamiwa na kazi ambazo kozi inazidai. Wakati huohuo, sheria ya England inamtaka kijana abaki katika elimu au mafunzo hadi atimize miaka 18. Haki inayofunguliwa kwa umri wa miaka 16 inafungwa na saa 21, na aliyetii sheria ya elimu ndiye anayeadhibiwa na sheria ya posho. Kwa aliye na miaka 19 chaguo liko wazi zaidi, nalo ni la kusikitisha: kuacha kozi ya muda wote ili apate posho, au kubaki chuoni bila kitu. Mshika mawili moja humponyoka, na katika mpango huu linaloponyoka kwa urahisi ni elimu, kwa sababu mgonjwa hawezi kuahirishwa hadi muhula ujao.

Kwa anayefanya kazi, mtego uko kwenye kikomo cha mapato. Mwaka 2025/26 pauni 196 zilikuwa takriban ujira wa saa 16 kwa kima cha pauni 12.21. Aliyefanya saa ya 17 aliongeza pauni 12.21 na kupoteza pauni 83.30. Hakuna kupunguziwa kidogokidogo. Mpango mwingine wa serikali hiyohiyo, Universal Credit, hupunguza peni 55 kwa kila pauni ya mshahara inayozidi kiwango kinachoruhusiwa, kama kipo, kwa hiyo kupunguza hatua kwa hatua kunawezekana kiutawala. Matokeo ya ukataji wa ghafla yalifahamika sana mwaka 2024, ilipodhihirika kwamba zaidi ya watunzaji 130,000 walikuwa wakidaiwa na serikali jumla ya zaidi ya pauni milioni 250, wengi wao kwa sababu walivuka kikomo kwa kiasi kidogo na posho ikaendelea kulipwa kwa miezi au miaka kabla ya kutakiwa kuirudisha. Serikali iliunda tathmini huru chini ya Liz Sayce. Kikomo nacho kilipandishwa kutoka pauni 151 hadi 196 mwezi Aprili 2025, lakini ukataji wa ghafla ukabaki.

Universal Credit yenyewe ina nyongeza ya mtunzaji, iliyokuwa pauni 201.68 kwa mwezi mwaka 2025/26, na hata mwenye miaka 16 au 17 anayemtunza mtu mwenye ulemavu mkubwa anaweza kuomba. Vikwazo ni viwili. Mwanafunzi wa muda wote kwa kawaida haruhusiwi. Na kiwango cha msingi cha mtu asiye na mwenza kilikuwa pauni 316.98 kwa aliye chini ya miaka 25, dhidi ya pauni 400.14 kwa aliyefikia umri huo. Hoja ya kiwango cha chini ni kwamba kijana huishi kwa wazazi na hutegemezwa nao. Kwa mtunzaji utegemezi umegeuka: mzazi ndiye anayemtegemea kijana.

Njia ya Scotland

Scotland, iliyokabidhiwa madaraka juu ya baadhi ya posho, imejaribu kuvunja sehemu ya mtego huu. Tangu Oktoba 2019 hutoa ruzuku ya mara moja kwa mwaka kwa kijana wa miaka 16 hadi 18 anayetunza kwa wastani wa saa 16 kwa wiki na asiyepokea posho kuu ya mtunzaji. Ilianza kwa pauni 300 na hupandishwa. Haiulizi kama anasoma au anafanya kazi, na anaitumia apendavyo. Kiasi ni kidogo, lakini kanuni ni mpya: utunzaji unatambuliwa pamoja na masomo.

Mwaka 2023 ilianza kulipa posho yake mahali pa Carer's Allowance, kwanza katika maeneo matatu ya majaribio, kisha Scotland nzima mwezi Novemba 2024. Mabadiliko makubwa ni kuwaruhusu wanafunzi wengi wa muda wote kuipokea. Mpaka haujafutwa kabisa: walio na miaka 16 hadi 19 katika ngazi ya sekondari kwa kawaida bado wako nje, isipokuwa katika hali maalumu. Hata hivyo, mwanafunzi wa chuo kikuu wa Glasgow leo anaweza kupata posho ambayo mwenzake wa Manchester, mwenye kozi na mgonjwa wa aina ileile, ananyimwa. Scotland pia huwapa wote walio chini ya miaka 22 usafiri wa bure wa basi tangu Januari 2022, na kwa anayezunguka kati ya nyumba, chuo, kazi na duka la dawa, nauli si jambo dogo.

Afrika Mashariki

Kulinganisha Uingereza na Afrika Mashariki kuna msingi wa kitaalamu. Watafiti Ruth Evans na Saul Becker walichapisha mwaka 2009 kitabu kuhusu watoto na vijana wanaowauguza wazazi wenye virusi vya UKIMWI nchini Tanzania na Uingereza. Kazi za nyumbani na za uuguzi zilifanana kwa kiasi kikubwa. Tofauti ilikuwa katika kilichowazunguka: maji ya bomba, huduma za hospitali na posho za serikali kwa upande mmoja, ndugu, majirani na wahudumu wa kujitolea kwa upande mwingine.

Tanzania haina posho ya mtunzaji, lakini ina milango ambayo kijana anayeuguza anaweza kupitia kwa sifa nyingine. Mpango wa TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, wa kunusuru kaya masikini hulipa kaya kwa umaskini wake. Bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu huzingatia uyatima, ulemavu wa mwombaji au wa wazazi wake, na kuwamo katika kaya za TASAF. Elimu bila ada, iliyoanza mwaka 2016 na kufikishwa kidato cha tano na sita mwaka 2022, imeondoa gharama moja. Waraka wa Novemba 2021 wa kuwarejesha shuleni walioacha masomo humpa nafasi ya pili hata aliyeacha kwa kuuguza. Zanzibar, iliyoanza mwaka 2016 kulipa pensheni kila mkazi aliyefikisha miaka 70, humpunguzia mjukuu mzigo bila kumtaja. Kenya nayo hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya zilizosajiliwa zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, fedha ambazo kwa kawaida hupitia mikononi mwa anayemtunza.

Pengo liko wazi zaidi kwenye ajira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu cha 34, inatoa angalau siku nne za likizo yenye malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto wa mfanyakazi, na kwa kifo cha mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu. Kwa kijana asiye na mtoto, kifungu hicho kinatoa siku nne za kumzika mama, na hakitoi hata moja ya kumuuguza.

Msaada unaofaa

Mambo manne hujitokeza katika mifano hii. La kwanza ni kuuliza mapema na mahali ambapo kijana tayari yupo: fomu ya shule, ya chuo, ya kliniki. Swali moja la UCAS lina kazi kubwa kuliko kampeni ya mabango. La pili ni kutenganisha malipo ya utunzaji na saa za masomo, kama Scotland ilivyoanza kufanya, na kupunguza posho taratibu mshahara unapopanda. La tatu ni kulipia angalau siku chache za likizo ya kuuguza, kwa kuwa likizo isiyo na malipo humnufaisha aliye na akiba peke yake.

La nne ndilo linalogusa yote, nalo halimhusu kijana moja kwa moja. Ni huduma kwa mgonjwa: muuguzi anayefika nyumbani, kituo cha mchana, usafiri wa kliniki, mtu wa kushika zamu ya usiku mara mbili kwa wiki. Ruzuku na muda wa nyongeza humsaidia kijana kuvumilia saa 35. Huduma hizo ndizo zinazoweza kuzishusha hadi 15, na kwa mujibu wa takwimu za UCL, wingi wa saa hizo ndio unaotenganisha anayemaliza masomo kwa shida na asiyemaliza kabisa.